Kabla Waya Haijapita: Historia ya Idhini za Umeme Kampala na Pembezoni Mwake

Historia ya umeme wa Uganda imezoeleka kusimuliwa kwa kutaja mabwawa. Tunaanza na Owen Falls, tunakuja Kiira, tunafika Bujagali, Isimba na Karuma, na kila bwawa lina megawati zake na mgeni wake rasmi aliyekata utepe. Nilipoanza kusoma habari hizi kwa ajili ya insha hii, nami nilifuata mkondo huohuo. Baadaye niliona kuna jambo linarukwa. Umeme uliozalishwa Jinja hauwashi taa Kampala mpaka uwe na njia ya kuufikisha, na njia hiyo hupita juu ya mashamba, makaburi, vinamasi na mapaa ya watu. Kwa hiyo nimeliacha swali la nani alijenga nini, nikashika jingine: ni nani aliyepaswa kuulizwa kabla waya haijapita, na jibu limebadilika vipi tangu mwaka 1948 hadi leo?

Kwanza neno moja la lugha, kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa lugha. Mahali ambapo umeme mkubwa wa njia kuu hupunguzwa nguvu kabla ya kusambazwa, Watanzania hupaita kituo cha kupozea umeme. Mimi nimeipenda istilahi hiyo. Fundi atasema kwamba umeme haupozwi kama chai, unapunguzwa volti kwa transfoma, lakini msikilizaji wa kawaida anaelewa mara moja kwamba kitu kikali kimefanywa kiweze kuingia nyumbani. Kampala tunavyo vituo vya aina hiyo Lugogo na Mutundwe, na hapo jirani Kawanda. Wengi hupita kando yake kila siku bila kujua kazi yake.

Kabla ya mwaka 1948, umeme wa Kampala ulikuwa mikononi mwa kampuni binafsi, East African Power and Lighting, iliyokuwa na makao yake Kenya. Mwaka 1947 mtaalamu wa Kiingereza, Charles Westlake, aliwasilisha ripoti kuhusu uwezekano wa kutumia maji ya Nile pale Jinja. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni iliunda Bodi ya Umeme ya Uganda, maarufu kwa herufi UEB, na Westlake huyohuyo akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Bodi ilipewa kuzalisha, kusafirisha na kuuza. Hakukuwa na chombo kingine pembeni cha kuipa leseni au kuikatalia. Aliyetaka kujenga kituo ndiye aliyeamua kwamba kituo kinahitajika, na juu yake alikuwapo gavana tu.

Hata hivyo si kweli kwamba hakuna aliyeulizwa. Misri iliulizwa. Mwaka 1949 Uingereza na Misri zilibadilishana hati za kidiplomasia kuhusu bwawa la Owen Falls, na Misri ikapata haki ya kuweka mhandisi wake Jinja ili aangalie kiasi cha maji yanayoachwa kupita. Isitoshe, Misri ilikubali kuilipa Bodi ya Umeme pauni 980,000 kama fidia ya umeme ambao ungepotea kwa sababu ya kuyatumia maji kwa mahitaji ya Misri. Nimeisoma hesabu hii mara nyingi, kwa maana inaonyesha kwamba wakoloni waliijua vizuri dhana ya kuuliza kwanza na kulipa fidia. Waliitumia kwa dola nyingine.

Malkia Elizabeth wa Pili alilifungua bwawa tarehe 29 Aprili 1954. Siku hiyo Kabaka Mutesa wa Pili hakuwapo nchini. Gavana Andrew Cohen alikuwa amemfukuza tarehe 30 Novemba 1953, naye hakurudi mpaka Oktoba 1955. Chanzo cha ugomvi wao kilikuwa siasa, hasa hofu ya kuunganishwa kwa Afrika Mashariki na nafasi ya Buganda katika nchi, wala sidai kwamba kilikuwa umeme. Lakini mwanahistoria hawezi kufumba macho: njia kuu ya umeme iliingia Buganda, kwenye ardhi ambayo watu wake waliiona kuwa msingi wa ufalme wao, wakati mfalme mwenyewe akiwa uhamishoni London.

Njia ndefu kuliko zote za enzi hiyo haikujengwa kwa ajili ya Waganda hata kidogo. Kenya iliunda kampuni maalumu mwaka 1954, ukasainiwa mkataba wa kuiuzia umeme, na kufikia mwaka 1958 waya za kilovolti 132 zilikuwa zimenyooka kutoka Tororo hadi Nairobi. Walioishi chini ya waya hizo waliendelea kuwasha kibatari.

Miaka ya 1970 na ya mwanzo wa 1980 nitaipita haraka, maana katika habari za idhini hakuna cha kusimulia. Hakuna aliyeomba ruhusa ya kujenga kwa kuwa hakuna aliyekuwa akijenga. Mitambo ya Owen Falls ilichakaa, vipuri vikakosekana, na mwaka 1986 bwawa lililojengwa kwa megawati 150 lilikuwa likitoa kama 60.

Mageuzi ya kweli yalikuja na Sheria ya Umeme ya mwaka 1999. Sheria hiyo iliunda Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ambayo Kampala tunaijua zaidi kwa herufi zake, ERA, nayo ilianza kazi mwaka 2000. Mwaka 2001 UEB ilikatwa vipande vitatu: kampuni ya kuzalisha, ya kusafirisha na ya kusambaza. Kwa mara ya kwanza mjenzi na mtoa ruhusa wakawa watu wawili tofauti. Anayetaka kujenga hutoa taarifa ya nia yake kwa Mamlaka. Mamlaka huitangaza katika Gazeti la Serikali na katika gazeti linalosomwa nchi nzima, ikizialika serikali za mitaa na watu watakaoguswa watoe maoni. Hupewa kibali cha kufanya uchunguzi, kisha huomba leseni yenyewe. Kando ya hayo, mamlaka ya mazingira, NEMA, hutaka tathmini ya athari, na asiyeridhika na uamuzi anaweza kwenda kwenye Baraza la Migogoro ya Umeme.

Kwenye karatasi ni utaratibu mzuri, na mimi si miongoni mwa wanaoudharau. Ukilinganisha na mwaka 1954, mwanakijiji amepata mlango ambao hakuwa nao. Ila mlango huo una lugha yake. Tangazo kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, likiwa na nambari za viwanja na majina ya parokia. Shangazi yangu, anayeishi Wakiso na ambaye shamba lake lilipitiwa na njia moja ambayo sitaitaja, alijua habari hiyo siku vijana walipokuja na vigingi vya kupimia. Nilipomweleza kwamba sheria hutaka tangazo litolewe gazetini, alitaka kujua gazeti hilo linauzwa duka gani pale kijijini. Muda wa kutoa maoni ulikuwa umekwisha zamani.

Idhini ya mdhibiti ina upande mwingine ambao wananchi huusahau, nao ni fedha. Kampuni ikijenga kituo cha kupozea umeme, gharama yake huingia katika bei ya yuniti tunayolipa, endapo mdhibiti ameikubali. Jambo hili lilikuja kuonekana wazi mkataba wa Umeme ulipomalizika. Kampuni hiyo ilikodi mtandao wa usambazaji kuanzia Machi 2005 kwa miaka 20, na mwisho wa Machi 2025 serikali ilitakiwa kuilipa uwekezaji ambao haukuwa umerudi. Serikali ililipa dola milioni 118. Umeme ikasema deni ni kubwa zaidi, na mzozo ukapelekwa kwa wasuluhishi London. Katika hesabu za namna hii, nguzo na transfoma iliyojengwa haitoshi. Huulizwa pia kama matumizi yake yalithibitishwa.

Sasa nifike mahali ambapo, kwa maoni yangu, ndipo kiini cha historia hii kilipo. Watu hulalamika kwamba miradi ya umeme hucheleweshwa na urasimu wa leseni. Nionavyo mimi, leseni ndiyo hatua nyepesi. Kigumu ni ardhi, na ugumu wake ni wa zamani kuliko umeme wenyewe.

Makubaliano ya Buganda ya mwaka 1900 yaligawa ardhi kwa maili za mraba, kwa Kabaka, machifu na wakubwa wengine, na ndiyo maana tunaiita mailo. Wakulima waliokuwa wakiishi juu yake hawakuondoka. Walibaki na vibanja vyao wakilipa kodi kwa mwenye hati, na sheria ya mwaka 1928 ikaweka kikomo cha kodi hiyo na kuwalinda wasifukuzwe ovyo. Amri ya Idi Amin ya mwaka 1975 ilitangaza ardhi yote kuwa ya umma. Katiba ya mwaka 1995 ikairudisha mailo, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 ikampa mwenye kibanja ulinzi mpya. Matokeo yake ni kwamba kipande kimoja kina wenyewe wawili, mmoja ana hati na mwingine ana migomba na makaburi ya wazee wake. Mhandisi akichora mstari kutoka Kawanda hadi Mutundwe anaona kilomita. Mthamini anayemfuata nyuma anaona jozi za wadai, na mara nyingi mmoja wa jozi hiyo amefariki bila mirathi kugawanywa.

Njia ya kilovolti 132 huhitaji mkuza wenye upana wa mita 30. Mita 5 za katikati ni za minara. Mita 25 zilizobaki zinaendelea kuwa mali ya mwenyewe, lakini haruhusiwi kujenga nyumba wala kupanda mti mrefu, kwa hiyo hulipwa sehemu tu ya thamani yake. Kwa shamba la eka kumi hilo linavumilika. Kwa kiwanja cha pembezoni mwa Kampala, ambacho upana wake wote haufiki mita 25, mwenyewe anabaki na hati ya mahali asipoweza kuweka hata jiko.

Kifungu cha 26 cha Katiba kinasema mtu asinyang'anywe mali yake kabla ya kulipwa fidia ya haki, tena kwa wakati. Lakini Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1965 iliruhusu serikali kuingia kwanza na kulipa baadaye, na ikaendelea kutumika kwa miaka mingi kana kwamba Katiba haikuandikwa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyohusu barabara ya Hoima hadi Kaiso-Tonya, iliamua kwamba kuingia bila kulipa kwanza ni kinyume cha Katiba. Barabara ndiyo iliyoshtakiwa, lakini uamuzi uliigusa kila nguzo ya umeme.

Tazama sasa Karuma. Ujenzi wa bwawa hilo la megawati 600 ulianza mwaka 2013, na pamoja nalo ikapangwa njia ya kilovolti 400 yenye urefu wa kilomita 248 kuja Kawanda. Njia hiyo ilichelewa, na fidia za ardhi zilikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Serikali ikiwa na mkopo wa China wa kulipa na mitambo ikikaribia kukamilika, iliona mwenye kiwanja mmoja anayebishana kuhusu bei ni mtu anayeigharimu nchi nzima. Hoja hiyo ina uzito. Bwawa lisilo na waya ni hasara ya kila siku. Lakini nimejiuliza kwa nini bwawa na njia yake havikupangiwa muda pamoja tangu mwanzo, ilhali ilijulikana kwamba zege hungoja mhandisi tu na waya hungojea watu maelfu. Mwenye kibanja hakuipanga ratiba hiyo.

Mwaka 2017 serikali ilipeleka bungeni muswada wa kubadili Katiba, ili pale penye ubishi wa bei iweze kuweka fedha mahakamani na kuanza kazi. Wananchi waliupinga kwa nguvu, hasa Buganda, na ukaachwa. Karuma ilizinduliwa rasmi Septemba 2024, kifungu cha 26 kikiwa hakijaguswa. Hata hivyo, Desemba 2023 Mahakama Kuu ya Hoima ilikuwa imeiruhusu serikali kuweka mahakamani fidia ya kaya 42 zilizoikataa, katika mradi wa mafuta, na kuichukua ardhi. Kile kilichoshindikana bungeni kilipatikana kwa amri ya jaji mmoja, na wanaochora njia mpya za kuingia Kampala bila shaka wameisoma hukumu hiyo.