Saratani Inayorudi: Usugu wa Dawa na Ufuatiliaji wa Wagonjwa, kutoka Mulago hadi Bwera

Historia ya usugu wa saratani dhidi ya dawa husimuliwa kana kwamba ilianzia katika maabara za Ulaya na Marekani. Makala haya yanaonyesha kuwa Uganda ililikabili suala hilo mapema, na kwamba funzo lililopatikana huko linaigusa wilaya ya Kasese hadi leo.

Mwaka 1967, Kituo cha Tiba ya Limfoma kilifunguliwa Mulago, Kampala, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Makerere, serikali ya Uganda na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Kituo hicho ndicho chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda. John Ziegler na wenzake waliwatibu watoto wenye limfoma ya Burkitt kwa siklofosfamidi na kwa dawa zilizochanganywa. Uvimbe uliyeyuka upesi. Kwa baadhi yao ulirudi. Watumishi wa kituo waliwafuata wagonjwa hadi vijijini, na tofauti ikabainika: ugonjwa uliorudi mapema aghalabu ulikuwa sugu, ilhali uliorudi baada ya miezi mingi mara nyingi ulitii dawa tena. Ziegler alipoondoka mwaka 1972, Charles Olweny aliendeleza kazi hiyo katika miaka migumu ya utawala wa Idi Amin.

Saratani ya ovari ilizua suala lilo hilo. Sisplatini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1978, hupunguza uvimbe kwa wagonjwa wengi, lakini ugonjwa uliokwisha kuenea hurudi mara nyingi. Mwaka 2005, Sharmila Bapat na wenzake nchini India walieleza kuwapo kwa seli shina katika majimaji ya tumbo ya mgonjwa. Inaaminika kuwa seli hizo chache hujigawa polepole, huitoa dawa nje na kukarabati DNA zao. Zikinusurika, huotesha uvimbe upya, mithili ya kisiki kilichoachwa shambani.

Hata hivyo, kliniki bado hupima usugu kwa kalenda: saratani ya ovari ikirudi kabla ya miezi 6 tangu dozi ya mwisho ya platini, kwa kawaida huhesabiwa kuwa sugu. Mwanamke wa Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, yuko zaidi ya kilomita 350 kutoka Mulago. Asipofuatiliwa, tarehe hiyo hupotea, na daktari hukosa kigezo cha kuchagua dawa.

Kwa hiyo, sera inayosubiri dawa za kuangamiza seli shina haina budi kutanguliza rejista ya wagonjwa, nauli na wahudumu wa ufuatiliaji katika hospitali za Bwera, Kagando na Kilembe. Mulago ya 1967 ilithibitisha kuwa jambo hilo linawezekana.