Uzi: Nani alikubali kwa niaba ya Meru na Embu?

1/ Siasa zikipamba moto huku kwetu, lazima usikie: "Wazee wameshakubali." Mimi nasomea siasa chuoni, na kila nikisikia hivyo nakumbuka 1906 na 1908.

2/ 1906 Waembu walipigana na Waingereza. Mikuki kwa bunduki. Wakashindwa, mifugo ikachukuliwa, boma la serikali likajengwa Embu.

3/ Wameru waliona yaliyowapata majirani. 1908 E. B. Horne alipofungua kituo cha serikali Meru, hakukuwa na vita kama vya Embu. Kuna wanaowaita waoga. Hebu niambie, wewe ungefanya nini?

4/ Mwisho ukawa mmoja: machifu wa kuteuliwa, kodi ya nyumba, kazi za lazima. Zamani maamuzi yalikuwa ya mabaraza ya wazee, kama Njuri Ncheke kule Meru. Serikali ilikuja kulitambua baraza hilo miaka ya 1930, ilipoona machifu peke yao hawatoshi.

5/ Kwa hiyo ukiambiwa wazee wamekubali, uliza: wazee gani, na nani aliwaweka hapo?