Refa Hajibu: Kilio cha Jukwaa la Afraha

Kabla ya 1891, refa wa kandanda hakukimbia uwanjani. Alikaa kando akisubiri kuulizwa. Kila timu ilikuwa na mwamuzi wake, na mchezaji aliyeona ameonewa alidai haki yake kwa sauti. Waamuzi hao wawili wakishindwa kuelewana, ndipo refa akatoa neno. Mwaka huo akaingizwa uwanjani, wale wawili wakawa washika vibendera, na miaka michache baadaye hata dai la mchezaji likakosa kazi. Reli ilipofika Nakuru mwaka 1900, mpira uliofuata nyuma yake ulikuja na refa wa aina hii mpya: anayeamua bila kuulizwa.

Nakuru haikuupokea mchezo huo kama mgeni. Mwaka 1963, ligi ya taifa ilipochezwa kwa mara ya kwanza, bingwa alikuwa Nakuru All Stars, na 1969 wakalitwaa taji tena. Baadaye wanajeshi wa Ulinzi Stars waliufanya mji huu kuwa nyumbani, wakachukua ubingwa mara tatu mfululizo kuanzia 2003, kisha 2010. Watu wa hapa wanaujua mpira, na ndiyo maana kipenga kibaya huwauma.

Nilimwona mzee mmoja pale uwanja wa Afraha, siku kibendera cha kuotea kilipoinuka na bao kufutwa. Wenzake walikuwa wamesimama, wakipiga kelele kwamba refa amekula hongo, ameuza mechi. Yeye alibaki ameketi, akachora kwa kidole kwenye vumbi la benchi: beki huyu hapa, mshambuliaji huyu hapa, mguu huu. Alichora mara tatu. Kisha akatazama uwanjani, kana kwamba kuna mtu angekuja kuutazama ule mchoro.

Nauona mchoro huo kila ninaposikia mashabiki wakiitwa wahuni. Kurusha chupa ni kosa, na refa hastahili kupigwa. Marefa wengi ni watu wanaofanya kazi ngumu kwa posho ndogo. Lakini hasira ile haizaliwi na uhuni. Huzaliwa pale mtu aliyeona kwa macho yake anapokosa wa kumweleza.

Wala hasira hiyo si ya kandanda peke yake. Mpira wa magongo, ambao Wakenya wenye asili ya Kihindi waliukuza hadi tukawa wa nne katika Kombe la Dunia la 1971 kule Barcelona, ulishuhudia aibu yake mwaka uliofuata. Kwenye Olimpiki ya Munich, ambako Kenya nayo ilicheza, Pakistan ilifungwa 1-0 na Ujerumani Magharibi katika fainali. Kwa kuamini wameonewa na waamuzi, watu wa Pakistan walimmwagia maji rais wa shirikisho la dunia, na wachezaji wakaipa mgongo bendera ya washindi. Walifungiwa. Siku hizi timu ya magongo katika mashindano makubwa ina haki ya kuomba picha zirudiwe. Lile dai la kale limerudi kwa mlango wa nyuma.

Kwetu shaka iliongezeka 2018, mshika kibendera Mkenya aliyeteuliwa kwenda Kombe la Dunia Urusi alipojiondoa baada ya kunaswa kwenye video akipokea dola 600. Neno “ameuza” likapata ushahidi, na marefa waaminifu wakabebeshwa mzigo usio wao.

Kisha Agosti 2025 VAR, yaani refa msaidizi wa video, ikaja uwanja wa Kasarani na michuano ya Afrika ya CHAN. Dhidi ya Angola, kisha Morocco, kadi ya njano ya Mkenya iligeuzwa nyekundu baada ya refa kwenda kwenye skrini. Timu yetu ya taifa, Harambee Stars, wakiwa kumi walitoka sare na Angola, wakaifunga Morocco 1-0. Mashabiki walioona mechi hizo kwenye televisheni waliziona picha zilezile. Lakini picha peke yake haielezi sababu.

Shabiki wa raga wa Nakuru, mji wa Prinsloo Sevens, amezoea mengine. Katika mechi za kimataifa humsikia refa kwenye kinasasauti akieleza anachokiona. Kandanda nayo ilijaribu kwenye Kombe la Dunia la wanawake la 2023: refa akirudi kutoka kwenye skrini, aliutangazia uwanja mzima uamuzi wake na sababu.

Mzee wangu wa Afraha angetosheka na sentensi moja tu ya namna hiyo: mshambuliaji alikuwa mbele, kwa mguu.