Mteja, kipande na data: Nani anashika siri ya mnunuzi Migori na Homa Bay?

Neno 'mteja' limepata maisha ya pili nchini Kenya. Mpigie mtu simu Rongo au Oyugis asipatikane, kisha umuulize jirani yake. Atakujibu, "Huyo ni mteja." Maana yake ni kwamba simu imezimwa au mwenyewe yuko mahali pasipo mtandao. Chanzo cha matumizi haya ni ile sauti iliyorekodiwa inayotuarifu kwamba mteja wa nambari tuliyopiga hapatikani. Kwa wanakamusi, mteja ni mnunuzi wa bidhaa au huduma. Lakini ipo maana nyingine kongwe: mgonjwa aliye mikononi mwa mganga. Maana hii ndiyo inayonivutia. Mgonjwa humwambia mganga mambo ambayo hata mkewe hajayasikia, akiamini hayatatoka kilingeni. Je, mteja wa kampuni ya simu naye ana kilinge?

Swali la nani anaandika habari za watu wa iliyokuwa Nyanza Kusini, na kwa faida ya nani, ni kongwe kuliko simu ya mkononi. Sheria ya usajili ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu mwanamume Mwafrika aliyefika umri wa kufanya kazi kubeba kipande. Humo mliandikwa jina lake, alama za vidole vyake, mwajiri wake na mshahara wake. Kilitiwa ndani ya kijaluba cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Wanaume waliotoka pande hizi kwenda kuchuma chai Kericho walikivaa. Desemba 1921, huko Lundha, Gem, ng'ambo ya Ghuba ya Winam, vijana waliosoma shule za misheni waliitisha mkutano uliozaa Young Kavirondo Association, vuguvugu ambalo Wajaluo wanalikumbuka kwa jina la Piny Owacho. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yao, pamoja na kodi. Naona umuhimu katika jambo hili: walalamikaji wale hawakukataa kuandikwa tu, bali walikataa kuandikwa na mtu wasiyeweza kumuuliza swali.

Kipande kilifutwa katika miaka ya 1940. Neno lenyewe lilikataa kufa. Hadi leo, kitambulisho cha taifa katika mazungumzo ya kawaida ni kipande, na ukienda kutoa pesa kwa wakala utaambiwa, "Leta kipande."

Hapo tunaingia katika mwaka 2007. Tarehe 6 Machi mwaka huo, Safaricom ilizindua M-Pesa. Wasomaji wachanga huenda wasijue pesa zilivyosafiri kabla ya hapo. Karo yangu ilitoka Homa Bay ndani ya bahasha, mikononi mwa dereva wa basi. Dereva alijua kiasi, utingo alijua, na mwenye duka aliyepokea bahasha pia alijua. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba zamani tulikuwa na faragha ambayo simu imetupokonya. Hatukuwa nayo. Tofauti ni kwamba waliojua siri yangu niliwajua kwa majina, na kwao nilikujua.

M-Pesa ilimwondoa dereva na kumleta wakala na daftari lake. Kwa miaka mingi daftari hilo lilikaa wazi juu ya meza: jina, nambari ya kipande, nambari ya simu, kiasi, sahihi. Kila aliyeandika mstari wake aliisoma mistari ya waliomtangulia. Fikiria soko la omena la Mbita au Sindo, ambapo mchuuzi anaweza kupima mauzo ya mshindani wake kwa kutupa jicho tu. Juni 2021, Wakenya wengi walipogundua kwamba wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa wasivyovijua, malalamiko yalifika katika Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, na wengi wakayashuku madaftari hayo. Ilikuwa shaka tu, lakini shaka yenye mantiki: ni wapi pengine ambapo mwanakijiji ameandika jina, kipande na simu kwenye mstari mmoja, tena kila wiki?

Sheria ya kumlinda ilikuwapo tayari. Ilipitishwa Novemba 2019, kwa msingi wa Ibara ya 31 ya Katiba, na kwa Kiswahili tunaiita Sheria ya Ulinzi wa Data. Hapa ndipo mwanaisimu anakuna kichwa. Kwa Mkenya wa leo, data ni kile kitu unachonunua kwa shilingi ishirini ili uingie WhatsApp. "Data yangu imeisha," husema vijana. Mwambie mama wa Awendo kwamba serikali inalinda data yake, naye atashukuru akidhani bando lake halitaliwa tena usiku! 'Faragha' nayo ni neno zuri, lakini asili yake ya Kiarabu inahusu uwazi na utupu, na sisi tumelizoea katika kujitenga: wawili wakizungumza faraghani. Halikuzaliwa kueleza habari zako zinazozunguka duniani ilhali wewe umeketi sokoni mbele ya watu mia.

Upungufu huu wa istilahi una gharama. Programu za mikopo ya simu zilipoenea katika muongo uliopita, mkopaji alibonyeza 'nakubali', na programu ikasoma orodha nzima ya watu aliowahifadhi kwenye simu. Alipochelewa kulipa, walipigiwa shemeji, mwalimu wa mtoto, hata pasta. Septemba 2023, Kamishna alitangaza kuitoza kampuni ya Mulla Pride, iliyoendesha programu mbili za mikopo, faini ya shilingi 2,975,000 kwa mwenendo wa aina hiyo. Nashangaa kila nikifikiria shemeji yule: hakukopa na hakubonyeza chochote, lakini jina lake lilitolewa kama dhamana.

Kisha likaja sakata la Worldcoin. Julai na Agosti 2023, watu walipanga foleni jijini Nairobi mboni zao zipigwe picha ili wapewe sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo tarehe 2 Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru picha na taarifa hizo zifutwe. Sheria inataka idhini iwe ya wazi, ya hiari, mahususi na ya mtu anayeelewa anachokubali. Hiari ya mwenye njaa ni ipi?

Nimewasikia wanaopinga hoja hizi, na si wajinga. Mwanamke wa Muhuru Bay anayelipwa na mnunuzi wa samaki aliye Nairobi bila kupanda gari anajua thamani ya huduma hiyo kuliko profesa. Atakwambia, "Mimi sina cha kuficha." Jibu langu kwake ni kwamba Ibara ya 46 inampa mteja haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na huduma, na Ibara ya 7 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Masharti marefu yaliyoandikwa kwa Kiingereza cha mawakili hayampi habari yoyote.

Istilahi bora hazihitaji kubuniwa. Vuka mpaka kutoka Isebania hadi Sirare. Huko Tanzania, sheria ya mwaka 2022 inazungumzia ulinzi wa taarifa binafsi, na msikilizaji wa redio anaelewa bila mkalimani kwamba zinazosemwa ni habari zake mwenyewe. Wafanyabiashara wa Migori wenye laini mbili, ya Kenya na ya Tanzania, tayari wanaishi chini ya istilahi zote mbili. Ofisi ya Kamishna wetu ikianza kuandika 'taarifa binafsi' katika matangazo yake ya Kiswahili, Isebania itaelewa siku hiyo hiyo. Nairobi huenda ikachukua wiki.