Sinia la Kwihara

Wapenzi wa tamthilia za Kikorea nawajua, bwenini hamlali. Mmeshaona wapishi wa mfalme wanavyopanga visahani kibao, na siku hizi Seoul msosi huo wa kifalme unauzwa hotelini kwa yeyote mwenye pesa. Sasa sisi, msosi wetu wa wakubwa uko wapi?

Twendeni Tabora. Neno Ikulu limetoka kwa Wanyamwezi na Wasukuma, ni makazi ya mtemi. Ila chungu cha mtemi hakikuvuma kama neno lake. Chakula cha Unyamwezi kilikuwa ugali wa mtama na uwele, na pombe ya nafaka hizohizo. Leo sembe imetawala.

Kilichotufikia ni sinia la wafanyabiashara. Waarabu na Waswahili wa pwani walijenga Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Burton na Speke walipofika Novemba 1857 walikaribishwa na Snay bin Amir. Stanley naye mwaka 1871, pale Kwihara, aliletewa wali, mchuzi wa kuku, mikate ya ngano, mapapai, makomamanga na malimau, kisha ng'ombe, mbuzi na kondoo. Jamani, hapo ni miezi ya kutembea kwa miguu kutoka Bagamoyo!

Ukarimu huo ulikuwa na bei yake. Mashamba ya matajiri wale yalilimwa na watumwa. Na Agosti 1871 hiyohiyo Mirambo aliivamia Tabora na kuichoma moto, maana yeye na Waarabu walikuwa wanagombania nani awe mwenye njia na ushuru wake.

Matajiri wakaondoka, sinia likabaki. Leo wali kuku ni chakula cha sikukuu kwa kila mtu, na maembe ya Tabora nani asiyeyajua? Ndiyo maana nasema njia ya misafara haikupitisha pembe tu.

Sasa sisi walimu watarajiwa, tukisimama darasani kufundisha misafara, tusiishie kwa Stanley na Livingstone. Tumuulize mwanafunzi: wali ule wa Kwihara nani aliupanda, nani aliuvuna, nani aliupika? Majina yao hayakuandikwa popote, lakini kila Idi na Krismasi tunakula urithi wao.

Haya, njaa imeshauma. Tuko pamoja!