Fahamu: Jinsi seli mbili za hamira zinavyoungana na kuwa moja

Kiumbe mmoja kati ya wale wanaochunguzwa sana katika maabara za dunia amebeba neno la Kiswahili katika jina lake la kisayansi. Anaitwa Schizosaccharomyces pombe, na ni aina ya hamira. Mwaka 1893 mtaalamu wa Kijerumani, Paul Lindner, aliitenga hamira hiyo kutoka katika pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki, akaipa jina la kinywaji alichoikuta ndani yake.

Sehemu ya kwanza ya jina, schizo, inatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kupasua. Hamira ya mkate huongezeka kwa kuchipua seli changa pembeni, lakini hii hujigawa katikati kama kijiti kinachokatwa sawasawa. Hilo ndilo limeipa umaarufu. Leo tunaeleza jambo la upande wa pili: jinsi seli mbili za hamira hii zinavyotafutana, zinavyotoboa kuta zao na kuwa seli moja. Ni kazi ya hatari, kwa sababu seli ikikosea mahali au wakati, inapasuka na kufa.

Njaa ndiyo mwanzo

Chakula kikiwa tele, seli hizi hazina haja ya mwenzi. Kila moja hukua na kujigawa, na baada ya saa chache huwa nyingi. Mambo hubadilika naitrojeni inapokwisha. Bila naitrojeni seli haiwezi kutengeneza protini mpya za kutosha, kwa hiyo huacha kujigawa na kuanza kujiandaa kuungana.

Seli hizi ziko za aina mbili, P na M, yaani chanya na hasi. Ukizitazama kwa hadubini huwezi kuzitofautisha: zote ni vijiti vidogo, na ukizipanga kwa mstari, kama 100 zinatosha katika milimita moja. Tofauti iko katika jeni na katika kemikali ambazo kila aina hutoa.

Zinatafutanaje bila macho?

Seli ya P hutoa nje kipande kifupi cha protini chenye amino asidi 23. Seli ya M hutoa cha kwake chenye amino asidi tisa na mkia wa mafuta. Kemikali za namna hii huitwa feromoni. Kila seli ina vipokezi juu ya utando wake, na vipokezi hivyo hushika feromoni ya aina ya pili. Vipokezi hivyo ni vya ukoo mmoja na vile vinavyotuwezesha sisi binadamu kunusa, kuona mwanga na kuitikia adrenalini.

Seli haina miguu ya kumfuata mwenzake. Inachofanya ni kubahatisha kwa mpango. Sehemu ndogo ya utando wake huamka, hutoa na kupokea feromoni, kisha huzima na nyingine kuamka mahali tofauti. Pale ambapo feromoni ya mwenzi ni nyingi, sehemu hiyo hutulia na haizimi tena. Hapo seli huanza kukua kuelekea upande huo mpaka seli mbili zinagusana, na protini zenye kunata zilizo juu ya kuta zao huzishikilia pamoja.

Kutoboa ukuta bila kupasuka

Hapa ndipo penye hatari. Ndani ya seli ya hamira kuna shinikizo kubwa la maji, mara kadhaa zaidi ya lile la upepo ndani ya tairi la gari. Kinachoizuia seli isipasuke ni ukuta mgumu unaoizunguka. Lakini seli mbili haziwezi kuungana mpaka ukuta huo uondolewe pale zinapogusana.

Suluhisho ni kutoboa tundu dogo mahali pamoja tu. Protini iitwayo Fus1 hujenga nyuzi za aktini zinazokutana katika nukta moja, mkabala na mwenzi. Juu ya nyuzi hizo husafirishwa vifuko vidogo vyenye vimeng'enya vya kuyeyusha ukuta. Kwa kuwa nyuzi zote zinaelekea mahali pamoja, vimeng'enya navyo humwagwa hapo tu, na ukuta wa sehemu nyingine hubaki imara. Seli zisizo na Fus1 hugusana na kushikamana, lakini ukuta hubaki kati yao na haziungani.

Ukuta ukishaisha, tando mbili hukutana na kuwa utando mmoja, na majimaji ya seli zote mbili huchanganyika.

Je, seli ikitoboa ukuta wakati hakuna mwenzi upande wa pili? Watafiti walibadilisha jeni za seli ili ziitikie feromoni zao zenyewe. Baadhi ya seli hizo zilijaribu kuungana zikiwa peke yake, zikatoboa ukuta, zikapasuka. Katika hali ya kawaida, seli hungoja mpaka ishara ya mwenzi iwe kali na iwe imejikusanya mahali pamoja.

Baada ya kuungana

Seli mpya inakabiliwa na hatari nyingine: kuungana na mwenzi wa tatu, jambo ambalo lingevuruga hesabu ya kromosomu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kinga yake. Seli ya P hubeba nusu moja ya protini fulani, na ya M hubeba nusu nyingine. Majimaji yanapochanganyika, nusu hizo hukutana, na hapo tu ndipo huwasha jeni zinazofunga mlango kwa wenzi wengine na kuanzisha hatua inayofuata.

Kila seli ilikuja na kromosomu tatu. Viini viwili huungana na kuwa kimoja chenye kromosomu sita, kisha jeni huchanganywa na kugawanywa upya. Mwisho wake ni mbegu nne ndogo zenye ganda gumu, kila moja na kromosomu tatu. Mbegu hizo zinaweza kungoja mpaka chakula kirudi.

Kwa nini jambo hili ni muhimu?

Kwanza, muungano huu ndio uliowapa wanasayansi njia ya kuzichunguza jeni. Katika miaka ya 1940, Mswisi Urs Leupold alianza kuzalisha hamira hii kwa kuchanganya aina mbalimbali na kuangalia jeni zinavyorithiwa. Mwingereza Paul Nurse alikwenda kujifunza mbinu hizo kwake, kisha akazitumia kutafuta jeni zinazoongoza kugawanyika kwa seli. Kazi hiyo, ambayo imesaidia kuielewa saratani, ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2001.

Pili, hata miili yetu hutegemea seli kuungana. Mbegu ya kiume huungana na yai, na kila uzi wa msuli umetokana na seli nyingi zilizokuwa mbalimbali. Protini zinazotumika si zilezile, lakini masharti hayabadiliki: kumtambua mwenzi sahihi, kufungua mahali sahihi, na kufunga mlango baada ya hapo.