Mapaa ya Storrs

Kwa Watanzania wengi waliofuatilia mpira wa kikapu miaka ile, jina la Storrs lilikuja pamoja na Hasheem Thabeet. Kijana wa Dar es Salaam, urefu wa sentimita 221, aliyeanza kuushika mpira huo akiwa na miaka 15 hivi, alichezea Chuo Kikuu cha Connecticut kuanzia 2006 hadi 2009. Akatoka hapo kwenda NBA akiwa wa pili kuchaguliwa katika orodha ya mwaka ule, mbele ya James Harden na mbele ya Stephen Curry. Urefu wake ulizungumzwa vijiweni hadi watu wakachoka. Jengo alilokuwa akizuia mipira ndani yake halikuzungumzwa, nalo lina mkasa wake. Kumbi za chuo hiki zina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo iko juu, kwenye mapaa.

Storrs yenyewe ni kitongoji cha mji mdogo wa Mansfield, mashariki mwa jimbo la Connecticut, Marekani. Mwaka 1881 ndugu wawili, Charles na Augustus Storrs, walitoa ardhi na fedha ili ianzishwe shule ya kilimo. Ng'ombe wa chuo wapo mpaka leo, na aiskrimu inayotokana na maziwa yao ina foleni. Mwaka 1893 shule hiyo iliingizwa katika mpango wa serikali kuu wa kusaidia vyuo vya kilimo na ufundi, mpango uliotokana na sheria ya 1862. Sheria hiyo ilikuwa na sharti moja la ziada: pamoja na kilimo na mitambo, wanafunzi wafundishwe pia mambo ya kijeshi.

Ndiyo maana ukumbi wa kwanza wa maana wa michezo ya ndani hapo Storrs ulijengwa kama nyumba ya silaha na gwaride. Hawley Armory ilikamilika 1915, ikapewa jina la Willis Hawley, mhitimu wa chuo aliyejiandikisha katika vita vya Marekani na Hispania mwaka 1898 na kufa kwa homa ya matumbo mwaka huohuo. Gwaride linahitaji sakafu pana isiyo na nguzo katikati, na mpira wa kikapu nao unahitaji hivyohivyo. Mchezo ukapata makao kwa mgongo wa jeshi, ukakaa humo miaka 30.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, chuo kilijaa vijana waliorudi vitani na kusomeshwa na serikali. Mwaka 1946 timu ilihamia jengo lililoitwa Cage, yaani Kizimba, na jina linatosha kulieleza. Mwaka huohuo alianza kazi kocha Hugh Greer, na chini yake Connecticut ikawa timu ya kuogopwa katika majimbo ya kaskazini-mashariki. Ukumbi mpya, Field House, ulifunguliwa 1954. Huo ulikuwa ukumbi wa shirika: wakimbiaji, warukaji na wacheza mpira wote chini ya paa moja, na viti visivyofika 5,000. Greer alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo Januari 1963, katikati ya msimu, na ukumbi ukapewa jina lake.

Kufikia miaka ya sabini Field House ilikuwa imezidiwa. Mji mkuu wa jimbo, Hartford, ulio chini ya kilomita 50 kutoka Storrs, ulifungua ukumbi wake mkubwa mwaka 1975, na chuo kikaanza kupeleka baadhi ya mechi huko. Ukumbi huo ulikuwa fahari ya mji. Paa lake lilikuwa wavu mkubwa wa vyuma uliobebwa na nguzo nne tu, na hesabu zake zilifanywa kwa kompyuta, jambo lililoonekana la kisasa sana wakati ule.

Jioni ya tarehe 17 Januari 1978, Connecticut ilicheza hapo na Massachusetts. Watazamaji walikuwa karibu 5,000. Nje theluji ilikuwa imerundikana juu ya paa. Mechi ikaisha, watu wakarudi makwao, taa zikazimwa. Saa kumi na robo alfajiri paa zima, lenye uzito wa tani zipatazo 1,400, likashuka na kutua juu ya viti vilevile. Hakuna aliyekufa, kwa kuwa hakukuwa na mtu ndani.

Uchunguzi ulionyesha kwamba theluji ilisukuma tu kitu kilichokuwa kinaondoka. Vyuma vya pembezoni vilikuwa vyembamba kupita kiasi kwa mzigo vilioubeba, kwa sababu hesabu zilichukulia kwamba vimefungwa katikati na vyuma vingine, na kwa hali halisi havikufungwa hivyo. Tangu wakati wa ujenzi paa lilikuwa limepinda kuliko ilivyotarajiwa. Watu waliona, wakauliza, wakajibiwa kwamba hesabu ziko sawa. Mimi sehemu hii hunisumbua kuliko theluji: onyo lilikuwa linaning'inia juu ya vichwa vya watu kwa miaka kadhaa, na kila aliyeingia angeweza kulitazama.

Ukumbi wa Hartford ulijengwa upya, ukafunguliwa tena 1980. Mwaka mmoja kabla, Connecticut ilikuwa miongoni mwa waasisi wa ligi ya Big East, ligi ya vyuo vya miji mikubwa na televisheni. Sasa mechi kubwa zilihitaji viti vingi, kwa hiyo zikahamia mjini, na Storrs wakabakiwa na Field House inayovuja. Geno Auriemma, aliyekabidhiwa timu ya wanawake mwaka 1985, amesimulia mara nyingi jinsi paa lile lilivyowamwagia maji. Alikuta timu ambayo katika historia yake yote ilikuwa imemaliza msimu mmoja tu ikiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo, na watazamaji wa kuhesabika.

Jengo lililobadili mambo lilisimamishwa pembeni kabisa mwa Field House. Gampel Pavilion iligharimu karibu dola milioni 28, ikapewa jina la Harry Gampel, mhitimu aliyechangia milioni moja. Ilifunguliwa tarehe 27 Januari 1990 kwa ushindi wa wanaume dhidi ya St. John's, 72–58. Paa lake ni kuba la pembetatu nyingi zilizoshikana, bila nguzo hata moja katikati, na viti 8,241 vikiuzunguka uwanja kwa karibu kiasi kwamba mchezaji anayerusha mpira wa adhabu anaweza kusikia anachotukanwa.

Miaka mitano baadaye jengo lililipa deni lake. Tarehe 16 Januari 1995 wanawake wa Tennessee, namba moja nchini, walikuja Storrs kukutana na Connecticut, namba mbili. Viti vilijaa vyote, televisheni ya taifa ikarusha, wenyeji wakashinda 77–66. Hawakupoteza mechi hata moja msimu ule, 35 kwa sifuri, wakamaliza na ubingwa wa taifa. Mwaka huohuo bunge la jimbo lilipitisha mpango wa dola bilioni moja wa kukijenga upya chuo kizima katika miaka kumi: maabara, mabweni, maktaba. Siwezi kusema kwamba mpira ndio uliopitisha sheria. Lakini mwanasiasa yeyote anajua ni wiki gani ya kupeleka muswada, na wiki za shangwe si mbaya.

Gampel ikaongezwa viti hadi kupita 10,000. Hiyo ndiyo Gampel aliyoikuta Thabeet. Alichaguliwa mlinzi bora wa mwaka mara mbili, 2008 na 2009, chini ya kuba ambalo wakati huo lilikuwa linazeeka kimyakimya. Vigae vya ndani vilibadilika rangi, vingine vikaanza kubanduka. Mwaka 2017 chuo kililifanyia ukarabati wa takriban dola milioni 10: kuziba kuba na kubadili dari yake. Ni kazi isiyo na utepe wa kukatwa, na hakuna mfadhili anayeng'ang'ania jina lake liandikwe kwenye kigae. Kwa jengo lenye historia ya jirani yake wa Hartford, naona hizo ndizo fedha zilizotumika vizuri kuliko zote.

Fedha za kuonekana zilikwenda kwingine. Mwaka 2014 lilifunguliwa jengo la mazoezi la Werth, lililogharimu karibu dola milioni 40, na timu za wanaume na wanawake hazikulazimika tena kugombea saa za sakafu moja. Mwanzoni mwa 2023 ukafunguliwa ukumbi wa hoki ya barafu, Toscano, wenye viti 2,600 kwa dola zipatazo milioni 70. Ukigawanya, kila kiti kimegharimu karibu mara nane ya kiti cha Gampel ya 1990, ingawa shilingi ya leo si ya jana, na dola vilevile.

Lililobaki bila jibu ni lilelile la 1975: nani acheze wapi. Timu zote mbili bado zinagawa mechi za nyumbani kati ya Storrs na Hartford. Ukumbi wa mjini una nafasi zaidi, hoteli, na watazamaji wenye fedha za tiketi. Gampel ina wanafunzi wanaotoka bwenini kwa miguu na kelele ambazo mgeni hazizoei. Makocha huisifu Gampel, wahasibu huitetea Hartford, na kila msimu ratiba inapotoka mabishano huanza upya.